Saa Moja na Mwalimu

Rubani ni neno la kale katika pwani yetu. Kabla ndege ya kwanza haijaonekana juu ya kisiwa cha Mombasa, neno hili lilikuwa la bahari. Rubani alikuwa mtu ajuaye njia ya maji, akapanda chomboni kukipitisha baina ya miamba hata kikafika bandarini salama. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipotoka Malindi kwenda Calicut, alikwenda na rubani aliyepatikana papo hapo Malindi, na safari ile haikutimiza mwezi mmoja. Ndege zilipokuja, wenye lugha hawakuhangaika kutafuta neno jipya. Walilitwaa lile la baharini wakalipandisha mawinguni. Nadhani walifanya vyema, kwa sababu kazi ni ile ile ya kuchukua roho za watu na kuzipitisha mahali ambapo mguu hauwezi kukanyaga.

Nataka kusimulia habari za rubani mmoja, naye ni mdogo wangu, na habari za kosa moja, nalo ni langu mwenyewe. Nasimulia kwa wanafunzi kwa sababu kosa lile halikutoka katika ujinga. Lilitoka katika elimu iliyosomwa kwa haraka, na ugonjwa huo huwapata wasomi zaidi kuliko wasiosoma.

Tulizaliwa Majengo, katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, yenye baraza mbele inayotazama njia. Babu yetu mzaa baba alikuwa baharia wa majahazi. Jioni alikuwa akikaa barazani na kikombe chake cha kahawa chungu, akatueleza jinsi walivyosafiri na kaskazi na kurudi na kusi. Hakuwa na cheti hata kimoja. Tulipomwuliza nani aliyempa ruhusa ya kushika usukani, alicheka akasema kwamba upepo ulimtahini kila mwaka, na aliyeshindwa mtihani ule hakurudi kuja kuulalamikia. Maneno hayo tuliyachukua kuwa mzaha wa mzee. Miaka mingi baadaye niliyakumbuka, nikaona kuwa hayakuwa mzaha.

Ndege zilizokuwa zikishuka kuelekea kiwanja cha Port Reitz zilimvuta mdogo wangu kuliko chakula. Mimi nilihesabu vitabu, yeye alihesabu ndege. Wakati ulipofika, mimi nilikwenda chuo cha ualimu, yeye akaenda Uingereza kutafuta riziki. Alifanya kazi katika ghala, usiku zaidi kuliko mchana, na kila alichoweka akiba alikipeleka katika chuo kidogo cha urubani. Kanuni zilimtaka atimize saa 45 za mafunzo ya hewani kabla ya kutahiniwa. Saa hizo 45 zilimchukua karibu miaka mitatu, maana kila saa moja ya hewani ilikuwa imefanyiwa kazi kwa usiku mwingi wa ghalani. Mwezi wa Agosti 2017 alifaulu. Alituletea picha yake akiwa amesimama kando ya ndege ndogo yenye injini moja, na mama aliitia katika fremu akaitundika sebuleni, mahali ambapo kila mgeni angeiona hata kama hakutaka.

Hapa yanipasa nieleze jambo kidogo, maana bila maelezo haya kosa langu halitafahamika. Watu wengi hudhani kuwa rubani akishapata leseni amemaliza, kama mtu aliyenunua shamba akapewa hati. Kwa hakika rubani hutembea na mambo manne, na kila moja lina kalenda yake.

La kwanza ni leseni yenyewe. Uingereza siku hizo bado ilifuata kanuni za Umoja wa Ulaya, na kwa kanuni hizo leseni haikuwa na tarehe ya mwisho. La pili ni cheti cha daktari, ambacho kwa rubani wa binafsi aliye chini ya umri wa miaka 40 hudumu miezi 60, na baada ya umri huo muda wake hupungua. La tatu ni idhini ya aina ya ndege, nayo kwa ndege ndogo za injini moja ilidumu miaka miwili tu. La nne ni sharti la abiria. Asiyeruka na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita hana ruhusa ya kumpakia mtu mwingine, ijapokuwa makaratasi yake mengine yote ni mazima.

Fitina ilikuwa katika lile jambo la tatu. Idhini ile ingeweza kurefushwa kabla haijakwisha, pasipo mtihani, kwa rubani aliyetimiza masharti katika miezi 12 ya mwisho kabla ya tarehe ya kwisha. Masharti yenyewe yalikuwa saa 12 za kuruka, sita kati yake akiwa yeye ndiye mkuu wa ndege, kuruka mara 12 na kutua mara 12, na mafunzo ya kujikumbusha ya muda usiopungua saa moja hewani pamoja na mwalimu. Akiyatimiza hayo, aliyeidhinishwa angetia sahihi katika ukurasa wa leseni, na mambo yangeendelea. Lakini tarehe ikishapita, mlango wa kurefusha hufungwa, ukabaki mlango wa kuhuisha. Huko rubani alipimwa na chuo kilichoidhinishwa kionekane kama anahitaji mafunzo, akafundishwa kwa kadiri ya upungufu wake, kisha akakaa mbele ya mtahini. Kurefusha na kuhuisha ni maneno mawili ambayo mtu akiyasikia njiani atadhani ni ndugu pacha. Mwenye kurefusha huongeza uzi kabla haujakatika, na mwenye kuhuisha hufunga fundo baada ya kukatika.

Mwezi wa Julai 2019 mdogo wangu alinipigia simu. Idhini yake ilikuwa ikwishe mwisho wa Agosti, na katika kiwanja chao kila mtu alikuwa na fatwa yake. Mmoja alimwambia kuwa leseni ni ya maisha, basi asijisumbue. Wa pili alisema saa ya mwalimu huhesabiwa wakati wowote katika ile miaka miwili. Wa tatu, aliyejifunza urubani Marekani, alisema kwao cheti hakifi kamwe, isipokuwa kila baada ya miezi 24 rubani hukaa na mwalimu kwa muda usiopungua saa moja ardhini na saa moja hewani. Wa kwanza na wa tatu hawakusema uongo. Wa kwanza alisema kweli juu ya leseni akasahau idhini. Wa tatu alisema kweli ya nchi nyingine. Nchi za dunia zilipatana juu ya anga huko Chicago tarehe 7 Desemba 1944, na Kenya ikaingia katika mapatano hayo mwaka 1964, lakini mapatano yale huweka kiwango tu, na kila serikali hushona kanzu yake kwa kipimo hicho. Ukweli wa nchi moja ukiuvusha mpaka bila kuukagua, waweza kugeuka kuwa uongo.

“Kaka,” mdogo wangu aliniambia, “wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza. Nakuletea kifungu chenyewe. Nisomee, uniambie kama nimetimiza.”

Alinitumia kifungu hicho pamoja na hesabu ya safari zake. Katika mwaka wa kwanza alikuwa ameruka saa 13, na ndani yake saa moja na mwalimu, mwezi wa Juni 2018. Katika mwaka wa pili kazi ilimzidi, akaruka saa nane tu. Jumla yake ilikuwa saa 21.

Wakati ule nilikuwa nimezungukwa na karatasi za mitihani ya wanafunzi wangu. Nilikitupia kifungu jicho kama mtu atazamavye mlango wa nyumba anayoijua. Niliona saa 12, nikaona yeye ana 21. Niliona saa moja na mwalimu, nikaona anayo. Nilimjibu, “Umetimiza, na umezidi,” kisha nikarudi kusahihisha. Naikumbuka vyema karatasi iliyokuwa mbele yangu. Mwanafunzi alikuwa ameulizwa ataje sababu tatu za jambo fulani na kueleza moja, naye akataja tatu asieleze yoyote. Niliandika kando yake kwa wino mwekundu, “Soma swali!” Nilimwandikia mtoto wa watu maneno yale dakika chache baada ya mimi mwenyewe kushindwa kusoma swali la ndugu yangu.

Sikuliona neno dogo lililosema kuwa yote hayo yawe ndani ya miezi 12 ya mwisho. Kwa kipimo hicho saa zake hazikuwa 21, zilikuwa nane, na saa yake ya mwalimu ilikuwa ya mwaka uliopita. Na la kuhuzunisha zaidi ni kwamba nafasi ilikuwako bado. Siku zaidi ya arobaini zilikuwa zimebaki. Lau ningalisoma vema, angaliomba ruhusa ghalani, akaruka saa nne zilizopungua, moja yake pamoja na mwalimu, na jambo lote lingalikwisha kwa sahihi moja. Yeye alikaa kwa raha akingoja siku atakapofika kiwanjani apate sahihi, akidhani kuwa saa zikishatimia sahihi haina haraka.

Mwezi wa Septemba mama alikwenda kumtembelea. Ilikuwa safari yake ya kwanza nje ya Afrika Mashariki. Alichukua mahamri, achari ya maembe na kanga mbili za kumpelekea mkwe ambaye bado hajapatikana. Mdogo wangu alikuwa amemwahidi tangu siku ya ile picha kuwa atampandisha ndege yake amwonyeshe dunia kutoka juu. Jumamosi moja walikwenda kiwanjani, uwanja mdogo wa majani kusini mwa Uingereza. Mama alikuwa amevaa buibui lake jipya.

Mwalimu mmoja wa makamo alikuwa zamu siku hiyo. Kabla ya kutoa ufunguo aliomba daftari la safari na leseni, kama ilivyokuwa desturi yake kwa yeyote ambaye hajaonekana kwa muda. Alisoma taratibu, kidole chake kikifuata mstari kwa mstari. Kisha akarudisha ufunguo msumarini. Alimweleza mdogo wangu kwa upole kuwa idhini yake ilikwisha wiki mbili zilizopita, na kuwa hata isingalikwisha asingaliweza kumpakia mama yake, kwa kuwa hakuwa ametua mara tatu katika siku 90.

Mdogo wangu aliona haya kiasi cha kutoweza kumtazama mama. Lakini mama alikuwa ameketi kwenye benchi, ameshafungua kifurushi cha mahamri na kumkaribisha yule mwalimu. Alipoelezwa habari yote alisema, “Mwanangu, mimi nimekuja kukutazama wewe, sikuja kutazama mawingu. Huyu mzee akisema hapana, basi ni hapana.”

Saa hiyo ilikuwa alasiri kwetu, nami nilikuwa barazani na majirani. Simu ililia. Mdogo wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma kuliko matusi. Aliniambia tu, “Kaka, kisome tena kile kifungu.” Nilikisoma tena palepale, polepole, na neno lile dogo likanitokea kama mwiba katika samaki aliyekwisha kuwa kinywani.

Ingekuwa hadithi imekwisha hapa, ningesema kuwa tulipoteza fedha na siku. Chuo kilimtaka afanye safari kadhaa za mafunzo kabla ya kumpeleka kwa mtahini, na gharama ilikuwa kubwa kupita ile ambayo sahihi ya Agosti ingemletea. Kwa siku chache nilijifariji kwa kuzilaumu kanuni. Nilijiambia kuwa zimeandikwa kwa kuwatega watu wema, na kuwa mtu aliyefaulu mtihani miaka miwili iliyopita hawezi kuwa amesahau. Kisha mdogo wangu alinisimulia habari ya safari ya kwanza ya mafunzo.

Walikuwa kiasi cha futi 2,500 juu ya mashamba. Pasipo kumwonya, mwalimu alirudisha nguvu ya injini mpaka chini kabisa, akasema, “Injini yako imezimika. Fanya.” Ndege ndogo ya namna ile haianguki kama jiwe. Huteleza hewani kwa mwendo wake maalumu, na kutoka kimo kile rubani hupata dakika tatu hivi za kuchagua uwanja wa kutua, kutafuta sababu, na kupiga mbiu ya hatari. Mwendo ule wa kuteleza alikuwa akiujua siku ya mtihani wake kama ajuavyo jina lake. Ndege yao ilikuwa Cessna 172, na mwendo wake ni karibu noti 65. Siku ile mikono yake ilisita. Aliinua pua ya ndege kwa hofu, mwendo ukapungua, na uwanja aliouchagua ulikuwa mbali mno kuufikia. Mwalimu alirudisha nguvu ya injini, wakapanda tena, akamwambia wafanye mara ya pili. Mara ya nne mikono ilikumbuka.

“Kaka,” aliniambia, “nilidhani nimesahau kidogo. Sikujua nimesahau nini hata nilipoulizwa. Na nilikuwa nimempangia mama kiti cha pembeni.”

Tulinyamaza sote wawili kwa muda. Nadhani kila mmoja alikuwa akikitazama kiti kile.

Alifaulu kwa mtahini mwanzoni mwa Novemba. Zilibaki Jumamosi mbili kabla ya mama kurejea, na Jumamosi zote mbili mawingu yalilala juu ya paa za nyumba. Mama alirudi Majengo bila kuruka katika ndege ya mwanawe. Mwaka uliofuata dunia ilifungwa kwa maradhi ya korona, na hadi leo safari ya pili haijapatikana. Wageni wakiitazama picha ya sebuleni wakamwuliza kama amekwisha kupanda ndege ile, hujibu, “Bado, lakini mahamri yangu yamefika,” nao hucheka. Mimi hucheka pamoja nao, lakini ni mimi nijuaye kwa nini hakupanda.

Vijana wenzangu katika elimu, kisa hiki kimenifunza mambo mawili, nami nayasema kama yalivyo. La kwanza ni kuwa kanuni husomwa yote, na neno dogo ndani yake laweza kuwa ndilo bawaba ya mlango. Maneno kama “ndani ya”, “kabla ya”, “au”, “na” hayana fahari, lakini ndiyo yanayoamua mtu yuko upande gani wa sheria. Anayeombwa kumsomea mwingine amebeba dhamana kubwa kuliko anayejisomea, kwa kuwa mwenziwe ameyafumba macho yake kwa kumwamini.

La pili linahusu vyeti. Cheti hushuhudia kuwa siku fulani mtu aliweza jambo fulani. Ushahidi huo ni wa kweli na hautabatilika, lakini ni ushahidi wa siku ile. Hausemi lolote juu ya leo. Babu yangu hakuwa na cheti, lakini kila mwaka pepo zilimwuliza swali jipya naye akajibu kwa mikono yake. Sisi wa siku hizi tuna vyeti, na hatari yetu ni kutoulizwa tena. Ile saa moja na mwalimu ambayo niliiona kama ada ya serikali ndiyo upepo wa kaskazi wa marubani wasiokuwa na bahari.

Nikitazama ukuta wangu mwenyewe, naona cheti changu cha ualimu. Mwaka 2021 Tume ya Kuajiri Walimu ilipoanzisha mpango wa mafunzo ya walimu walio kazini, wengi wetu tulinung'unika. Manung'uniko juu ya gharama yalikuwa na uzito wake, na siyakani hata leo. Lakini moja la manung'uniko yangu lilikuwa hili: “Mimi nilikwisha kufaulu, nijaribiwe tena kwa nini?” Niliposikia sauti yangu ikisema hivyo nilikumbuka futi 2,500 juu ya mashamba ya Uingereza, nikanyamaza. Mwalimu aliyesahau hajui kuwa amesahau, na darasani hakuna mlio wa injini kuzimika. Wanafunzi husinzia kimya kimya tu.

Siku hizi mdogo wangu hangoji miaka miwili. Kila mwaka, majira ya kuchipua kule kwao, hulipa saa moja ya mwalimu kwa hiari yake, na humwomba azime injini bila kumwonya. Nami kila muhula humwomba mwalimu mwenzangu mmoja, mkali kuliko wote, aje kukaa nyuma ya darasa langu kwa kipindi kizima na daftari lake. Muhula uliopita aliandika kuwa nilimwuliza mwanafunzi swali nikalijibu mwenyewe kabla hajafungua kinywa, na kuwa nilifanya hivyo mara saba. Sikuwa najua.